Taya Jipya Lipatikane Mbeya

Ameloblastoma, uvimbe unaoota tayani, si saratani, lakini huila taya taratibu bila maumivu makali. Mkazi wa Iyunga, jijini Mbeya, akiona shavu linavimba, ni rahisi kudhani ni jino bovu, akaling'oa na kusubiri. Akichelewa kumwona bingwa, kipande kirefu cha taya hakiokoleki tena. Tiba ni kukikata. Je, pengo litazibwa na nini?

Bamba la titani hushikilia umbo, ila baada ya muda linaweza kuvunjika au kutoboa ngozi. Mfupa wa nyonga hufaa pengo fupi. Likizidi takribani sentimita 6, mfupa uliohamishwa bila mishipa yake hushindwa mara nyingi. Hapo ndipo fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, huchukuliwa pamoja na mishipa yake. David Hidalgo wa Marekani alieleza njia hiyo kwa taya la chini mwaka 1989. Mfupa hukatwa na kuungwa kufuata mpindo wa kidevu, kisha mishipa ya milimita chache hushonwa kwenye mishipa ya shingo chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikipita, mfupa unaishi.

Je, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya iwe na huduma hii? Wanaosita wana hoja nzito. Upasuaji huchukua saa nyingi, na usiku kucha muuguzi hukagua rangi na joto la pandikizi, kwani damu ikiganda mshipani, muda wa kuliokoa ni mfupi. Timu inayoufanya kwa nadra haiwezi kuuzoea.

Lakini kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Mgonjwa hulipia nauli, malazi na msindikizaji, kisha kila kliniki ya marudio ni safari nyingine.

Kwa maoni yangu, Mbeya ianze, tena ianze na watu kabla ya mashine: wapasuaji, wataalamu wa usingizi na wauguzi wafunzwe pamoja, na wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini wakusanywe hapo ili mikono izoee. Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, ihesabu ujenzi wa taya kuwa tiba, si urembo. Na zahanati zetu zising'oe jino penye uvimbe usioeleweka kabla ya picha ya eksirei. Uvimbe ukigunduliwa mapema, pengo huwa dogo na tiba huwa nyepesi.