SEHEMU YA 5: SUMU YA SHAMBANI IMEFIKAJE UVUNGUNI?

Leo naongea na nyie mnaolima mpunga, yaani karibu Rujewa nzima.

Kwenye sehemu zilizopita wengi mmeniuliza kuhusu jiki, sabuni na mafuta ya kujipaka. Maswali mazuri, nitayajibu. Ila kwa huku kwetu Mbarali naona tunaanzia mbali, wakati kemikali kali kuliko zote ndani ya nyumba ipo uvunguni mwa kitanda, kwenye chupa ya soda.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Dawa ya magugu, dawa ya wadudu, dawa ya panya. Mtoto wa miaka mitatu anajua dawa ni kitu anachonyweshwa na mama akiumwa! Serikali inaita viuatilifu, na hata mamlaka inayovisimamia, TPHPA, ina neno hilo kwenye jina lake. Sawa. Ila nyumbani naomba tuseme sumu.

Sasa hiyo chupa. Lita nzima ni hela nyingi na wewe una jaruba mbili tu, kwa hiyo dukani unapimiwa. Unawekewa kwenye chupa ya maji au ya soda, haina lebo, haina ule mstari wa rangi unaoonyesha ukali wake. Halafu utasikia watu wanasema wakulima hawana elimu. Mimi sikubaliani. Mkulima ananunua kidogo kwa sababu ana hela kidogo. Anayejua kilichomo ni muuzaji, na akikitoa kwenye chupa yake ya kiwandani lawama ianzie kwake.

Huku wodini chupa hiyo inatutesa kweli. Mtoto analetwa anatokwa mate na jasho, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano. Tunauliza, kanywa nini? Tunajibiwa, "dawa ya mpunga." Ipi? Zipo za wadudu za kundi la oganofosfeti, hizo tunazikabili kwa atropini. Zipo za magugu ambazo atropini haizifanyii kitu, na nyingine dalili zake mbaya huchelewa, mtoto anaonekana mzima kumbe ndani anaharibika. Lebo ingetuambia mapema.

Kwa hiyo ikitokea, usimtapishe. Usimpe maziwa ukadhani yanaua sumu. Mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Siyo kunywa tu. Sumu hizi zinapita hata kwenye ngozi. Baba karudi kupiga dawa, mtoto anamrukia kifuani. Oga kwanza, baba. Na lile shati anayelifua ni mama, mikono mitupu, pengine mjamzito, na bomba hajawahi kulibeba mgongoni. Lifuliwe peke yake, kwa glavu, kwenye beseni lake.

Dumu tupu usilichotee maji hata ulisugue vipi. Lisuuze mara tatu, yale maji yarudi kwenye bomba ukapulizie, siyo kwenye mfereji ambao wenzako wa chini wanachota. Kisha litoboe.

Na vidonge vya kwenye gunia, jamani. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na hospitali hatuna dawa ya kuipinga hiyo gesi. Usilale chumba kimoja na gunia zilizowekewa vidonge. Kama chumba ndiyo hicho hicho, tumia mifuko isiyopitisha hewa: wadudu wanakufa kwa kukosa hewa, nyie mnalala salama.

Msimu huu jichangeni watatu au wanne, mnunue chupa moja iliyofungwa, yenye lebo. Mgawane kule kule shambani, kila mtu kwenye bomba lake. Ikibaki, ibaki kwenye chupa yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, nje ya nyumba mnayolala.