Kibla cha New York na Njia ya Ndege

Liko swali moja lizushalo ubishi barazani kila likitajwa: Mwislamu aliye New York aelekee wapi anaposali? Wengi wetu hujibu upesi, kusini mashariki, kwani katika ramani ya ukutani Makka iko mashariki ya mji huo, tena iko chini yake. Jibu hilo lina nia njema, lakini si sahihi. Na awezaye kutuonyesha kosa letu ni rubani.

Kutoka New York hadi Jeddah, mlango wa mahujaji, ni kilometa 10,200 hivi kwa njia iliyo fupi kabisa. Njia hiyo haianzi kwa kwenda kusini. Huelekea kaskazini mashariki, ikapita Nova Scotia huko Canada, ikavuka bahari ya Atlantic, kisha ikateremka juu ya Ufaransa, Italia na Misri. Mwenye kufuata mstari ulionyooka wa ramani, akapitia Moroko na jangwa la Sahara, atazidisha kilometa zaidi ya 600. Huo ni mwendo upitao ule wa Mombasa hadi Nairobi.

Sababu yake si ngumu. Dunia ni duara, na ramani ni karatasi iliyotandazwa. Msomaji na achukue tufe la shule, auvute uzi kutoka New York hadi Makka mpaka ukaze. Ataona mwenyewe uzi ukipanda kaskazini kabla ya kushuka.

Kweli, rubani huweza kupinda kidogo kwa ajili ya upepo, na hili wazee wetu wa majahazi hawakuhitaji kufunzwa. Wao walikwenda Arabuni kwa kusi wakarudi kwa kaskazi. Huko juu nako huvuma upepo mkali utokao magharibi. Ndiyo maana ndege iendayo Jeddah huchukua saa 11 au 12, na irudiyo New York huchukua saa 13 hivi, ijapokuwa umbali ni ule ule.

Basi uzi ule ule umfupishiao rubani safari ndio uonyeshao kibla. Msikiti wa Islamic Center mjini Washington, uliofunguliwa mwaka 1957, umeelekezwa kaskazini mashariki. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 jambo hili lilikuwa bado likiwagawanya Waislamu wa Marekani na Canada, hawa wakielekea huku na hawa kule.

Hukumu ya sala ni ya masheikh, nasi hatuiingilii. Tunalosema ni kwamba elimu hii si ngeni kwetu wala si ya Wazungu. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu cha kupima mahali pa miji, na kukijua kibla cha Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, kulikuwa miongoni mwa makusudio yake. Yeye hakuwa na ndege. Alikuwa na nyota na hesabu.

Leo watoto wetu wanasafiri mbali kuliko babu zao. Tunawasihi walimu wa vyuo vyetu waweke tufe kando ya msahafu, ili mtoto afikapo ugenini aijue njia, wala asigombane na ndugu yake msikitini kwa sababu ya karatasi ya ukutani.