Maoni Yetu: Mifuko ya Plastiki Isirudi, na Mfanyakazi Asisahauliwe

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi, na si vizuri Chama kikae kimya. Swali lenyewe ni hili: Sheria ya kukataza mifuko ya plastiki iliwanyang'anya wenzetu kazi. Sasa mifuko hiyo yaonekana tena sokoni, imefichwa chini ya meza. Basi kwa nini Chama kisidai irudishwe kwa halali, ili viwanda vifunguliwe na watu wapate kazi?

Swali hili halikuulizwa na wajinga. Limeulizwa na watu waliokosa mshahara. Kwa hiyo tutalijibu kwa heshima, na tutalijibu wazi. Sisi twasema mifuko hiyo isirudi. Lakini jibu letu lina sehemu ya pili, na atakayeshika ya kwanza akaiacha ya pili atakuwa hakutuelewa: safari nyingine serikali ikikataza kitu kinachotengenezwa kiwandani, mfanyakazi asiwe wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kuumia.

Tukumbushane mambo yalivyokuwa. Mwaka 2007, na tena mwaka 2011, serikali ilijaribu kukataza ile mifuko myembamba, na mara zote mbili amri ilibaki karatasini. Ndipo likaja tangazo la Waziri wa Mazingira wa wakati ule, Profesa Judi Wakhungu, la tarehe 28 Februari 2017. Lilisema kwamba baada ya miezi sita mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia vitu isitengenezwe, isiletwe kutoka nje, wala isitumiwe katika Kenya. Watu walikwenda mahakamani kuipinga amri hiyo, lakini mahakama ilikataa kuisimamisha, nayo ikaanza kazi tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Watu walicheka wakasema haitadumu. Lakini asubuhi ile maduka makubwa yaliamka bila mifuko, na sote tukatafuta vikapu.

Je, palikuwa na sababu ya kweli? Ilikuwapo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, lilikuwa limekadiria kwamba maduka makubwa peke yake yalitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka hapa kwetu. Hapo hatujahesabu kioski, soko wala bucha. Mfuko mmoja ulitumika tangu dukani hadi nyumbani, dakika chache tu, kisha ukatupwa. Nao hauozi kama jani la mgomba. Hukatikakatika ukawa vipande vidogo, na vipande hivyo hukaa miaka na miaka.

Baadhi yenu mnaokaa bara mmesema, "Bahari ni shauri la watu wa Pwani." Tafadhali tazameni maji yanavyokwenda. Mto Nairobi hupita Gikomba, ukaingia katika Mto Athi. Athi huteremka Ukambani, ukifika Tsavo huitwa Galana, kisha huitwa Sabaki, nao huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Mfuko uliotupwa mtaroni Gikomba siku ya mvua hauhitaji nauli kufika Malindi. Mwenye kuutupa hakuiona bahari, lakini bahari imempokea mzigo wake.

Huko baharini mambo ni haya. Kasa hula yavuyavu. Mfuko mweupe ukielea majini hufanana na yavuyavu, kasa akaumeza, utumbo ukaziba, akafa kwa njaa tumbo likiwa limejaa. Mfuko mwingine hulala juu ya matumbawe ukayazibia mwanga, na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Vile vipande vidogo huliwa na samaki, na samaki huliwa na sisi.

Mvuvi naye ni mfanyakazi, ijapokuwa hana kadi ya Chama. Akivuta jarife usiku kucha, akakuta nusu ya uzito ni plastiki, nani atamlipa kazi ya usiku ule? Mfuko ukijisokota katika rafadha, mashine ikazima karibu na mwamba, nani atamsaidia? Hana tajiri wa kumwandikia barua ya malalamiko.

Kule Lamu mafundi waliunda dau zima kwa plastiki iliyookotwa, tani kama 10, wakalivika rangi za patipati kuukuu, wakaliita FlipFlopi. Mwaka 2019 dau hilo lilisafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Unguja. Twawapongeza mafundi hao kwa ustadi wao. Lakini tujiulize: ufuo unaotoa takataka za kuundia chombo cha kusafiria, umebeba takataka kiasi gani?

Wala hasara haikuwa ya baharini peke yake. Katika mitaa tunayokaa sisi, mifuko ndiyo iliyoziba mitaro, na mvua ikinyesha maji yaliingia vyumbani mwetu. Hayakuingia katika nyumba za wenye viwanda. Wachinjaji walikuta mifuko ndani ya matumbo ya ng'ombe, na ng'ombe yule alikuwa mali ya mfugaji maskini. Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili, ndugu. Faida ya mfuko ilikwenda kwa tajiri mmoja, lakini uchafu wake uligawiwa sisi sote, na maskini akapewa fungu kubwa. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kuutetea mgawo wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili.

Kabla ya amri kuanza, Chama cha Wenye Viwanda kilitangaza kwamba viwanda 176 vitafungwa na watu 60,000 watapoteza kazi. Sisi hatukuzihesabu kazi hizo mmoja mmoja. Lakini tuliona mambo mawili. La kwanza, wenye viwanda waliwakumbuka wafanyakazi wao kwa sauti kubwa sana walipokuwa wakiipinga amri, na kwa sauti ndogo sana ulipofika wakati wa kuwalipa. La pili, katika tangazo lile la serikali hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya mtu anayesimama mbele ya mashine.

Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya mashine ya mifuko miaka 11. Hatutakitaja kiwanda chake. Siku ya Ijumaa aliambiwa asirudi Jumatatu. Alipouliza malipo yake akajibiwa, "Nenda ukaidai serikali, ndiyo iliyofunga kazi." Tajiri alipewa miezi sita ya kujitayarisha. Mtu wa mashine alipewa siku mbili, nazo zilikuwa Jumamosi na Jumapili.

Ndugu, jibu lile lilikuwa la uongo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba kazi ikiisha bila kosa la mfanyakazi, tajiri atoe taarifa kwa chama chake na kwa afisa wa kazi mwezi mmoja kabla, tena amlipe mshahara wa siku 15 au zaidi kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Kwa miaka 11 hizo ni siku 165. Sheria haisemi, "isipokuwa mifuko ikikatazwa." Lakini mwenzetu hakujua, naye hakuja ofisini kwetu mpaka siku nyingi zilipopita. Kosa hilo ni letu pia, maana kazi ya Chama ni kumfundisha mwanachama kabla ya shida, siyo kumpa pole baadaye.

Tena kuna jambo la tatu. Sheria ikiwa nzuri lakini ikashika mkono mmoja tu, watu huichukia. Mara nyingi tumesikia habari za mchuuzi aliyekamatwa na mifuko chini ya meza yake ya nyanya. Ni mara chache tumesikia habari za mwenye lori lililoileta. Mama mboga hana kiwanda, wala hana watu mpakani. Mfuko haukuota pale sokoni. Umetengenezwa na mtu, umevushwa na mtu, na mtu huyo ana faida kubwa kuliko mama mboga. Huyo ndiye atafutwe kwanza.

Kwa hiyo Chama chetu chataka mambo haya manne:

1. Amri yo yote mpya ya kukataza plastiki isitolewe kabla vyama vya wafanyakazi havijaitwa mezani pamoja na wenye viwanda. Muda ukitolewa kwa tajiri kumaliza mali yake ghalani, muda huo huo utumiwe kumfundisha mfanyakazi kazi nyingine.

2. Maafisa wa kazi waingie viwandani kabla ya mlango kufungwa, wahakikishe kwamba kifungu cha 40 kimefuatwa na kila mtu amelipwa haki yake.

3. Askari na maafisa wa NEMA waufuate mfuko mpaka kwa mwenyewe, yaani kiwandani na mpakani, wala wasiishie sokoni.

4. Mifuko na vikapu tunavyobebea sasa vitokane na kazi ya mikono yetu. Mkonge unalimwa Vipingo na Mwatate, na kina mama wetu wanajua kusuka viondo tangu zamani. Kwa nini nafasi iliyoachwa na plastiki ijazwe na mizigo ya ng'ambo?

Twayasema haya sasa kwa sababu mambo hayajaisha. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, kama chupa za maji, vikombe na mirija, zilikatazwa katika fuo na mbuga za serikali. Mwezi wa Machi 2022, hapa hapa Nairobi, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa dunia juu ya plastiki. Mazungumzo ya Busan mwishoni mwa 2024, na ya Geneva mwezi wa Agosti 2025, yaliisha bila mapatano. Lakini mvua ikitanda, hata kama haijanyesha, mwenye akili huanika nguo zake ndani. Wako wenzetu wanaotengeneza chupa na vifuniko. Twawaambia leo: msingoje Ijumaa.

Nanyi wanachama, tuna ombi kwenu. Usinunue mfuko uliokatazwa, hata ukipewa bure. Beba kikapu chako. Ikiwa u dereva na unaambiwa upakie mifuko chini ya magunia, kataa, na uje utuambie, maana wewe ndiwe utakayefungwa, mwenye mali hatakuwapo. Ikiwa unaitwa kufanya kazi ya mashine usiku kwa siri, jua kwamba kazi ya siri haina mkataba wala fidia ya kidole kilichokatika. Na kila mwanachama aweke karatasi zake za mshahara mahali pa salama. Siku ya hesabu karatasi hizo ndizo shahidi wako.

Wako watakaosema kwamba Chama hakiwezi kutetea bahari na kutetea kazi kwa wakati mmoja. Wafungue Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 41 chatupa haki ya kutendewa sawasawa kazini. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi. Vimeandikwa jirani, kimoja chini ya kingine, na hakuna kilichoandikwa kwamba ukipata hiki upoteze kile. Sisi twavidai vyote viwili.

Mwenzetu wa miaka 11 sasa anauza matunda njiani. Tulipomwuliza kama angependa mifuko irudi, alifikiri kidogo, akasema, "Mifuko iende zake. Mimi nataka zile siku 165." Sisi nasi hatuna neno la kuongeza juu ya hilo. Katibu wa tawi anaandika majina ya wote waliofukuzwa hivyo bila malipo. Ikiwa u mmoja wao, au wamjua mmoja, njoo ofisini na karatasi zako.

Umoja ni nguvu.