Wanafunzi Wapelekwe Pia Penye Utulivu

Ziara za kimasomo zimekuwa desturi katika shule zetu. Basi huondoka Litein kungali giza, likayapita mashamba ya majani chai na kuelekea pwani. Wanafunzi huiona Fort Jesus na bahari, hupigwa picha, kisha hurejea wachovu na madaftari matupu. Wachache wenye uwezo huvuka hadi Unguja, na huko pia mambo huwa yale yale. Macho hayana pazia, lakini kuona si kuelewa.

Hoja yangu naitoa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ambao vichochoro vyake hujaa watalii. Humo limo kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Minara hiyo huonekana kutoka baharini, lakini ukishaingia vichochoroni hupotea machoni. Nililipata kwa kuuliza, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Nje walikuwapo wauza vinyago na watembezaji watalii. Ndani palikuwa kimya, na michoro ya kale ukutani imechujuka rangi.

Kanisa hilo lilijengwa na mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu kati ya mwaka 1893 na 1898. Chanzo chake ni cha kale zaidi. Mwaka 1860, enzi ya Sultani Majid, Padre Fava na wenzake waliwasili kutoka kisiwa cha Réunion, wakaruhusiwa na mtawala Mwislamu kukaa katika mji wa Waislamu. Kutoka hapo misheni ilivuka hadi Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1899 mapadre wa shirika hilo hilo walianzisha misheni ya St Austin's, Nairobi.

Wamisionari hao waliwanunua watoto watumwa ili kuwakomboa, wakawafunza dini na kazi za mikono. Vitabu vingi huishia hapo kwa sifa. Mwanafunzi anayefikiri hana budi kuendelea: mtoto aliyenunuliwa ili awe huru, ni nani aliyemwuliza anataka kwenda wapi? Je, aliweza kurudi kwao? Huko Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mtembezaji hukusimulia kila kitu kwa dakika chache. Katika Minara Miwili sikumkuta msimulizi. Ilinibidi niketi na kujiuliza mwenyewe. Hiyo ndiyo elimu ninayoitetea.

Najua wako wazazi watakaouliza kwa nini mtoto wa dhehebu jingine, au wa dini nyingine, apelekwe katika kanisa Katoliki. Hapa Litein, ambako Africa Inland Church imetia mizizi tangu zamani, swali hilo si geni. Jibu langu ni kwamba kuzuru si kuongoka. Sultani Majid aliwapokea wageni wa imani nyingine bila kuiacha yake. Itakuwaje sisi tuogope kuketi nusu saa kwenye kiti cha jirani? Lakini mgeni na awe na adabu. Avue kofia, asipige picha watu wakisali, na ibada ikianza, akae kimya au aondoke polepole. Nyumba ya ibada si jumba la makumbusho.

Wala si lazima tuvuke bahari. Jimbo Katoliki la Kericho liliundwa mwaka 1995, na vilima vyetu vina makanisa ya madhehebu mbalimbali na wazee wanaokumbuka yalivyoanza. Walimu wenzangu, tuanzie huko. Tupunguze idadi ya vituo katika ratiba zetu, na kila mwanafunzi arudi na swali moja aliloliandika mwenyewe. Nanyi wanafunzi, msipopewa nafasi hiyo, iombeni. Nauli ya wazazi wenu ni ghali mno kuishia katika picha.