Binti Anaposoma Nyumbani na Wenzake Asiowaona



Majuzi, baada ya sala ya alasiri, tuliitwa na jirani yetu kwa shauri lililomhusu bintiye mkubwa, aliye mwaka wa kwanza wa chuo na asomaye baiolojia kwa njia ya intaneti. "Sheikh," alituambia, "mtoto huyu hujifungia chumbani, nami nasikia sauti za watu, za wanaume zimo. Nikimwita aje akune nazi, asema yu mtihanini. Mtihani gani huo wa kuzungumza? Mimi nimeazimia kumwachisha." Binti alikuwa ameketi pembeni, macho chini, machozi yakimtiririka.

Twakiri kwamba nasi tulielekea upande wa mama. Tuliposoma madrasa, mtihani ulikuwa ni wewe na mwalimu wako. Aliyemnong'oneza mwenziwe alipata fimbo. Lakini si uadilifu kuhukumu kwa kusikiza upande mmoja. Tulimwomba binti atueleze, kisha tukapatana kuwa siku ya kipindi mimi na mamake tutakaa kando tusikilize.

Njia wanayofundishwa huitwa kujifunza kwa timu. Aliyeianzisha ni mwalimu wa Marekani, Larry Michaelsen, katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akifundisha uongozi wa biashara, na darasa lake lilipanda kutoka wanafunzi 40 hadi 120. Hakutaka kusimama mbele ya umati akihutubia huku wao wakisinzia, basi akawagawa katika timu. Baadaye njia hiyo ikaingia katika vyuo vya utabibu na katika masomo ya baiolojia, na sasa yafundishiwa hata kwa intaneti.

Utaratibu wake ni huu. Mwalimu ndiye apangaye timu, watu watano hadi saba, wala wanafunzi hawachaguani kwa urafiki. Nao hubaki pamoja muhula mzima. Kabla ya kipindi kila mmoja husoma sura aliyopewa. Kipindi kikianza, kila mtu hufanya mtihani mfupi peke yake. Kisha timu hukutana katika chumba chake cha mtandaoni na kuyajibu maswali yale yale kwa pamoja, kila mmoja akitetea jibu lake kwa hoja. Alama za mitihani yote miwili huhesabiwa. Wakiona jibu la mwalimu lina kasoro, wana haki ya kukata rufaa kwa maandishi. Baada ya hapo mwalimu hufafanua yale tu yaliyowatatiza, kisha huwapa tatizo la kutumia elimu waliyoipata.

Siku ile tatizo lilikuwa hili: mgonjwa ametiwa mshipani maji matupu yasiyo chumvi kwa wingi. Je, seli nyekundu za damu yake zitasinyaa, zitavimba na kupasuka, au zitabaki vile vile? Kijana mmoja alishikilia kwamba zitasinyaa, na wawili wakamfuata. Binti wetu akasema kwa upole, "Hapana. Mamangu akitengeneza achari, hutia chumvi kwenye maembe, na maembe hutoa maji. Maji hufuata palipo na chumvi nyingi. Hapa chumvi imo ndani ya seli, na nje ni maji matupu. Basi maji yataingia ndani, nazo zitavimba mpaka zipasuke." Wakabishana kidogo, kisha wakakubali. Timu zote zikaonyesha majibu yao kwa wakati mmoja, ili asiweko wa kumwiga mwenziwe. Lao likawa sahihi. Mwalimu akaongeza kuwa ndiyo sababu maji ya chumvi ya dripu hutiwa gramu 9 za chumvi katika kila lita.

Mama akatugeukia. "Kumbe achari yangu imefika chuoni," akasema, asiseme zaidi.

Tulitoka pale tukiwaza. Asomaye kwa intaneti peke yake husikiza hotuba, hufunga simu, wala hakuna ajuaye kwamba hakuelewa. Siku ya mtihani ndipo ajuapo, na wengi huacha masomo kimya kimya. Katika timu, asiyesoma hujulikana siku hiyo hiyo, na asiyeelewa hupata wa kumwelewesha. Tena kusoma kwake ni amana: akizembea, wenziwe watano hupata hasara. Ndiyo maana mwisho wa muhula wenza hupimana, na tathmini hiyo huingia katika alama, ili mvivu asibebwe.

Si kwamba njia hii haina taabu. Mtandao hukatika katikati ya hoja, bando ni ghali, na nyumba nyingine ina simu moja ya watoto watatu. Pia mwalimu akiwatupa wanafunzi katika vikundi bila maandalizi wala maswali yaliyofikiriwa, hiyo si njia tuliyoieleza. Ni kujipumzisha tu.

Basi twawausia. Enyi akina mama, takeni ratiba ya vipindi, na saa hiyo msimwite mtoto kazini. Mkimwondoa, mmewaondolea na wenziwe hoja yake. Enyi akina baba, bando la masomo lihesabuni pamoja na karo. Nanyi mabinti, msingoje mzazi aingiwe na shaka: mwambieni wenzenu ni kina nani na mwafanya nini, kaeni mahali pa wazi, na mazungumzo yasitoke nje ya somo. Kuficha jambo la halali hulifanya lionekane la haramu.

Nyumbani kwa jirani yetu, meza ya binti imehamishiwa ukumbini. Ana vipindi Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, na siku hizo nazi hukunwa na kakake. Mama alalamika kuwa kijana aikuna mpaka kwenye kifuu, tui likawa jeusi. Lakini hajamwita binti.

Wabillahi tawfiq.