Panya Hangoji Kikao

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili. Mkulima wa Kongwa au Chamwino akipanda mahindi, na panya wakazifukua mbegu kabla hazijachipua, hana budi kupanda tena huku siku za mvua zikipungua. Hasara yake basi si debe la mbegu tu, bali ni chakula cha mwaka.

Panya jike aweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa uzao mmoja, na huzaliana sana mvua zinapokuwa nzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamekwisha kuonyesha kwamba kutega sumu baada ya panya kufurika ni kuchelewa. Tena shamba moja likisafishwa peke yake, huvamiwa upya kutoka mashamba ya jirani.

Kwa hiyo jambo hili ni la kijiji kizima. Afisa kilimo anayeleta sumu baada ya mbegu kuliwa hajatimiza wajibu wake. Chambo kigawiwe kabla ya kupanda, vichaka vya kandokando vifyekwe, na mashamba yote yashughulikiwe kwa pamoja. Nao walimu wawaonye watoto wasiiguse sumu hiyo. Yote haya yanawezekana, ila yataka yapangwe Novemba, wala si Januari.