Faili Iliyonyooka Si Lazima Iwe Nzima

Faili ikitoka kwenye mzizi wa jino, hupanguswa, huinuliwa mbele ya taa, hutazamwa. Ikiwa imenyooka na misokoto yake haijafunguka, hurudishwa kisandukuni: "Hii bado nzima." Madaktari wa meno wamerithishana kipimo hiki tangu enzi za faili za chuma cha pua, na kwa faili hizo kilikuwa na maana. Kwa faili za nikeli na titani zinazozungushwa na mota, hakitoshi hata kidogo.

Chuma cha pua hakijui kuficha. Kikipindwa kupita uwezo wake, kinabaki kimepinda, nawe unakitupa. Aloi ya nikeli na titani ina tabia nyingine. Ilipopewa jina la Nitinol katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, hakuna aliyekuwa akiwaza meno. Mwaka 1988 Walia na wenzake walichonga faili kutoka kwenye waya wa aloi hiyo uliokuwa ukitumika kupanga meno, wakakuta inapindika kwa wepesi mara mbili hadi tatu kuliko ya chuma cha pua. Siri iko kwenye fuwele zake: zikielemewa hubadili mpangilio, zikiachiwa hurejea zilivyokuwa. Aloi hii huweza kunyumbuka kwa takriban asilimia 8 na kurudi. Chuma cha pua hakifiki hata asilimia 1.

Kurudi huko ndiko kunakotudanganya, maana kinachorudi ni umbo. Ufa mwembamba ulioanzia juu ya uso wa faili haurudi ulikotoka.

Kila mtu amewahi kukata waya bila koleo: unaukunja huku, unaukunja kule, mpaka unakatika. Ndani ya mzizi uliopinda, faili hufanyiwa hivyo hivyo kila inapozunguka. Upande wa nje wa kona unavutwa, wa ndani unabanwa. Nusu mzunguko baadaye zamu zinabadilishana. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, sekunde kumi tu ni mara 50. Ikitolewa, inanyooka kama mpya.

Mwaka 2000 Sattapan na wenzake walikagua faili 378 zilizokwisha kutumika kliniki. Kati ya zilizokatika, asilimia 55.7 zilikatwa na msokoto: ncha imekwama, mota inaendelea kusukuma. Hizo aghalabu huacha alama, na hapo jicho husaidia. Asilimia 44.3 zilikatika kwa uchovu wa kupindwapindwa, na uchovu hauna alama unayoweza kuiona kwa macho matupu.

Wapo wanaosema dawa ni kupunguza kasi. Pruett na wenzake walilijaribu hilo mwaka 1997 kwa mizunguko 750, 1,300 na 2,000 kwa dakika. Idadi ya mizunguko kabla ya kukatika haikubadilishwa na kasi. Iliyoibadilisha ni kona: kadiri ilivyokuwa kali ndivyo faili ilivyokatika mapema. Na faili nene, ambayo wengi huiamini kwa unene wake, ilitangulia kukatika kuliko nyembamba. Unene husaidia dhidi ya msokoto. Kwenye kona huumiza.

Faili za kisasa zilizopitishwa kwenye joto kiwandani huvumilia zaidi, lakini zimeleta kosa jipya. Hutoka mzizini zimepinda, zikichemshwa kwa mvuke zinanyooka, na mtu anaona kama zimefufuka. Mvuke umenyoosha umbo tu.

Najua bei ya faili hizi, na najua kwa nini kliniki nyingi huzirudia. Sipingi kurudia, napinga kurudia kwa kutazama. Andika kwenye kadi kila faili imeingia mizizi mingapi, na ni mizizi ya namna gani. Ile iliyopita kwenye kona kali, daktari, itupe siku hiyo hiyo, hata kama imenyooka kama sindano.